Baipasi moyo ukiwa unapiga: ya kuuliza kabla hamjauza nyumba

Watu huniletea karatasi baada ya Alasiri, nikiwa nimekaa barazani kwetu Kibokoni. Nimefanya kazi ya unesi wodini zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, basi jirani akirudi na majibu ya hospitali huona ni wepesi kunipitia mimi kuliko kupanga foleni tena kumuuliza daktari. Siku hizi karatasi nyingi ni za moyo. Katika hizo kuna mambo mawili yanayojirudia. Majibu ya anjio yanasema mishipa yote mitatu imeathirika na ugonjwa umetapakaa. Na wakala wa kupeleka wagonjwa India anasema dawa yake ni operesheni inayofanywa moyo ukiwa unapiga, mpya kabisa, haina hatari.

La kwanza mara nyingi ni kweli. La pili lina ukweli ndani yake, lakini limetiwa chumvi, na chumvi hiyo huwagharimu watu. Kikundi cha WhatsApp cha mchango hufunguliwa Ijumaa, na Jumatatu mtu keshaanza kutafuta mnunuzi wa nyumba ya urithi. Khalu wangu alipita njia hiyo hiyo, nitamfikia.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Moyo ni nyama, na nyama hiyo hulishwa damu na mishipa inayopita juu yake. Kuna mmoja wa kulia, na mmoja wa kushoto unaogawanyika mapema: tawi moja linashuka mbele ya moyo, jingine linazunguka nyuma. Hiyo ndiyo mishipa mitatu ya daktari. Mwanzoni ina upana wa milimita tatu au nne, na kadiri inavyoshuka inazidi kuwa myembamba.

Mshipa unaweza kuziba pahali pamoja, mfano wa mpira wa maji uliokanyagwa. Hapo daktari hupenyeza waya, hufungua na kuacha stenti. Lakini kuna kuziba kwa namna nyingine, na wenye nyumba kongwe za Mji wa Kale wataielewa upesi: lile bomba la maji ya kisima, maji ya chumvi, ambalo fundi akilikata hukuta chokaa na kutu toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna pahali pa kufungua, kwa sababu bomba zima ndilo pahali. Huo ndio ugonjwa uliotapakaa. Huwapata sana wenye sukari ya miaka mingi, wenye figo zilizochoka, na wavutaji sigara. Miraa na muguka nazo si za kuachwa nje: watafiti wa Yemen walilinganisha waliopatwa na shambulio la moyo na watu wengine, wakaona watafunaji miraa wamo zaidi kwenye kundi la kwanza.

Kwa mwenye sukari na mishipa kadhaa iliyoziba, baipasi kwa jumla humpa umri mrefu kuliko stenti. Hili limepimwa. Utafiti unaoitwa FREEDOM, uliotolewa mwaka 2012, uliwagawa wagonjwa 1,900 wa sukari kwa kura, wengine wakatiwa stenti, wengine wakafanyiwa baipasi. Baada ya miaka mitano, asilimia 16.3 ya waliotiwa stenti walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 10.9 ya waliofanyiwa baipasi. Kwa upande mwingine, kiharusi kilikuwa kingi zaidi kwa wa baipasi, asilimia 5.2 dhidi ya 2.4. Hicho kiharusi kiwekeni akilini, kwa sababu ni mojawapo ya sababu za watu kutaka operesheni bila mashine.

Baipasi, kwa jina lake, ni kupitia pembeni. Daktari hachokoi palipoziba. Huchukua mshipa kutoka kwingine katika mwili na kuushona mbele ya palipoziba, ili damu iwe na njia mpya. Mshipa wa mguuni hutumika sana. Ulio bora ni wa kifuani, ule unaoteremka nyuma ya mfupa wa kidari upande wa kushoto. Ukiunganishwa na tawi la mbele la moyo, baada ya miaka kumi takriban tisa kati ya kumi huwa bado inapitisha damu, ilhali ya mguuni karibu nusu huwa imeziba au imebanwa. Katika karatasi ya operesheni hilo ndilo neno la kwanza mimi hulitafuta.

Sasa, moyo unaopiga hutikisika, na kushona uzi mwembamba kama unywele kwenye kitu kinachotikisika ni kazi ngumu. Kwa hivyo kwa kawaida damu hupitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na moyo husimamishwa kwa dawa yenye potasiamu. Mashine hiyo ilitumiwa kwa mafanikio mara ya kwanza na John Gibbon huko Philadelphia mwaka 1953. Na hapa wakala hupotosha: kushona bila mashine si jambo jipya. Vasilii Kolesov wa Leningrad alishona mshipa wa kifuani kwenye moyo unaopiga mwaka 1964, miaka mitatu kabla ya René Favaloro, Muargentina aliyekuwa Cleveland, kuifanya baipasi ya mshipa wa mguuni iwe kazi ya kila siku. Mashine ikashinda kwa sababu inampa mshonaji utulivu. Katika miaka ya 1980 Federico Benetti wa Argentina na Enio Buffolo wa Brazil walirudi kwenye njia ya Kolesov, na katika miaka ya 1990 Waholanzi wa Utrecht wakabuni kifaa cha kutuliza kipande kimoja tu cha moyo, mikono miwili yenye vinywa vya kunyonya. Wakakiita Octopus, yaani pweza. Aliyewahi kumbandua pweza mkononi pale ufuoni hahitaji kuelezwa kinavyoshika.

Kwa hivyo moyo mzima unaendelea kupiga, na ile sehemu ndogo iliyoshikwa na pweza inatulia kiasi cha kushoneka. Ikifika zamu ya mishipa ya nyuma, moyo huinuliwa na kugeuzwa. Hapo presha inaweza kushuka ghafla, na mtu wa nusukaputi ana kazi kubwa kama ya mshonaji. Ikishuka isipande, mgonjwa huunganishwa na mashine katikati ya operesheni. Kubadilisha kwa haraka namna hiyo ni kubaya kuliko kuanza na mashine tangu mwanzo kwa utaratibu.

Kwa nini India imeshika njia hii? Huko zaidi ya nusu ya baipasi hufanywa bila mashine, ilhali Marekani ni chache. Ni mazoea na mafunzo, na gharama za mashine pia zimo. Wazee wa baraza wanaofuata habari za India watakumbuka Waziri Mkuu Manmohan Singh. Tarehe 24 Januari 2009, akiwa na miaka 76, alifanyiwa baipasi yake ya pili katika hospitali ya AIIMS, New Delhi, na timu iliyoongozwa na Ramakant Panda wa Mumbai, moyo ukiwa unapiga. Miezi minne baadaye alikuwa anaapishwa kwa kipindi cha pili, na alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 92. Habari nzuri, na mawakala wanaipenda. Lakini ni mtu mmoja, mwenye mshonaji aliyechaguliwa kwa ajili ya waziri mkuu.

Tukitaka kujua ya watu wengi, kuna tafiti mbili kubwa, na hazisemi sawasawa. Ya kwanza inaitwa ROOBY, ya hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, wagonjwa 2,203. Baada ya mwaka mmoja, mishipa iliyoshonwa bila mashine iliyokuwa ingali wazi ilikuwa asilimia 82.6, dhidi ya 87.8 kwa iliyoshonwa kwa mashine. Waliotoka na viungo vichache kuliko ilivyopangwa walikuwa wengi zaidi upande wa bila mashine: asilimia 17.8 dhidi ya 11.1. Baada ya miaka mitano, waliofariki upande wa bila mashine walikuwa asilimia 15.2, na wa mashine 11.9.

Ya pili ni CORONARY, ya wagonjwa 4,752 katika nchi 19, India ikiwamo. Huko vifo, kiharusi, mashambulio ya moyo na figo kufa, vikijumlishwa, vilikuwa karibu sawa pande zote mbili, mwezi wa kwanza na hata baada ya miaka mitano. Bila mashine kulikuwa na faida za mwanzo: waliohitaji kuongezwa damu walikuwa asilimia 50.7 badala ya 63.3, figo kuumia kwa ghafla 28.0 badala ya 32.1, na vifua kupata matatizo kidogo. Hasara yake ilikuwa kwamba waliorudishwa mapema kufunguliwa mishipa tena walikuwa wengi zaidi, ingawa idadi ilikuwa ndogo pande zote, asilimia 0.7 dhidi ya 0.2.

Tofauti ya tafiti hizi mbili inatoka wapi? Mimi naiona katika sharti la kuingia. Katika ROOBY daktari alitakiwa awe amefanya angalau operesheni 20 bila mashine. Katika CORONARY alitakiwa awe amezidi 100, na uzoefu wa zaidi ya miaka miwili. Kuna wanaotaja sababu nyingine pia, lakini kwa mtu anayechagua pa kwenda, hii ndiyo inayomhusu. Wajerumani nao waliwapima wazee wa miaka 75 kwenda juu, 2,539, wakaona mwaka mmoja baadaye hakuna tofauti ya maana. Kwa kiharusi, faida iliyo wazi zaidi hupatikana pale ambapo daktari hagusi kabisa mshipa mkuu utokao moyoni, ule wa aota, kwa kuwa kuubana ndiko kunakopasua chokaa na kuirusha ubongoni. Mzee ambaye aota yake imejaa chokaa ana sababu nzuri ya kutaka bila mashine. Lakini kuna wanaofanya bila mashine na bado huibana aota kidogo ili washone mshipa wa mguuni, kwa hivyo ni swali la kuulizwa.

Tafiti hizo zote zilikuwa za wagonjwa wa baipasi kwa jumla, hazikuchagua wale ambao mishipa yao imetapakaa ugonjwa. Kwa hawa tunategemea ripoti za hospitali moja moja, nyingi za India na Japani, na hospitali hupenda kuripoti mazuri yake. Hata hivyo kazi yenyewe inaeleweka. Shida ni pa kushona. Mshipa ni mwembamba, pengine chini ya milimita moja na nusu, na popote sindano inapoingia inakuta chokaa. Daktari ana njia mbili ngumu. Anaweza kuupasua mshipa urefu wa sentimita kadhaa na kuulaza ule wa kifuani juu yake kama kiraka kirefu. Au anaweza kuukwangua: hufungua na kuvuta ule ugumu wa ndani utoke mzima, kama unavyotoa uboho kwenye mfupa, kisha hushona. Kukwangua kunaokoa mishipa ambayo ingeachwa, lakini ripoti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha hatari ya kufariki karibu na operesheni huwa juu kuliko baipasi ya kawaida, na mshipa uliokwanguliwa huganda damu kwa urahisi. Yote mawili huchukua muda, na muda huo kipande cha moyo kinakaa bila damu ya kutosha, labda kwa kijibomba kidogo kinachowekwa ndani wakati wa kushona. Mikono iliyozoea huyafanya moyo ukiwa unapiga. Mikono isiyozoea huishia kuchagua mshipa ulio rahisi na kuuacha ulio mgumu.

Hapo ndipo namrudia khalu.

Alikuwa na duka la leso Biashara Street, sukari ya miaka 17, na kifua kilichokuwa kikimbana akipanda ngazi za nyumba yake. Anjio ilisema mishipa mitatu, ugonjwa umetapakaa. Wakala akasema India, moyo unapiga, viungo vinne, siku kumi mtu yuko nyumbani. Sehemu yake ya nyumba ikauzwa kwa ndugu, kwa bei ambayo hadi leo haizungumzwi siku ya Idi. Akaenda Chennai, akafanyiwa, akarudi akitembea, tukachinja. Miezi mitatu baadaye kifua kikaanza tena, si kama mwanzo, lakini akiharakisha kwenda msikitini kinambana. Nikaomba ile bahasha. Karatasi ya kuruhusiwa ilisema baipasi imefanikiwa. Karatasi ya operesheni, ambayo ilibidi tuiombe kwa barua pepe mara tatu, ilisema vimeshonwa viungo vitatu. Mshipa wa nyuma uliachwa kwa kuwa ulikuwa mwembamba na wenye chokaa nyingi.

Sisemi daktari alikosea. Kuuacha mshipa usioshoneka ni bora kuliko kuuchana, na labda angeuacha hata kwa mashine. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemwambia khalu, kabla wala baada. Angejua, asingeacha dawa za kifua alipofika nyumbani akidhani kapona. Alipozirudia, na daktari wa moyo wa hapa Mombasa akampangia upya, mambo yakatulia. Anapanda ngazi. Haharakishi.

Kwa hivyo akija mtu kwangu na bahasha, mazungumzo yetu huwa hivi. Kwanza, diski ya anjio iko wapi? Sio karatasi, diski, kwa kuwa mshonaji huamua kwa macho yake kama mshipa una pa kushonwa. Itumwe kwake kabla ya tikiti kukatwa, na aandike mwenyewe: mishipa gani ataishona, gani ana shaka nayo, na atafanya nini asipoweza. Aseme ni yeye atakayeshona au ni mwanafunzi wake. Aseme kwa mwaka hushona wangapi bila mashine, wangapi kati yao huishia kwenye mashine, na kama hukwangua au kuweka kiraka kirefu mara kwa mara au ni mara moja kwa msimu. Mshonaji anayejiamini hukasirika mara chache kwa maswali haya. Wakala hukasirika.

Halafu nauliza kama ni lazima iwe India. Nairobi baipasi hufanywa, Aga Khan University Hospital ikiwa miongoni mwa zinazofanya, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili, ambako mgonjwa anaongea Kiswahili na daktari wake na jamaa wanafika kwa basi. Aliyejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, aulize kwa maandishi kitakacholipwa na kitakachobaki. India ina mikono iliyozoea sana, hilo silipingi. Lakini mwenye sukari aliyekatwa kidari huhitaji kuonwa tena na tena: kidonda cha kifua kwa mwenye sukari kinaweza kuchimbika wiki ya tatu, na wiki ya tatu mgonjwa yuko Kibokoni, mshonaji yuko Chennai.

Wako pia wanaoambiwa mishipa yao haishoneki kabisa. Familia hulichukua kama hukumu ya kifo na kuzunguka hospitali hadi wampate atakayekubali. Kutafuta rai ya pili ni haki, na wakati mwingine mshonaji wa pili ana ujuzi ambao wa kwanza hana. Lakini kama wawili wasiojuana wametazama diski ile ile na kusema hapana, wa tatu anayesema ndiyo kwenye simu kabla ya kuiona aogopwe. Dawa peke yake, zikinywewa sawasawa, humweka mtu miaka, na nyumba inabaki.

Baada ya operesheni, iwe kwa mashine au bila, mishipa mipya inaishi mwilini mwa mtu yule yule mwenye damu ile ile. Aspirini ndogo na dawa ya kushusha mafuta ya aina ya statini kwa kawaida ni za maisha. Aliyekwanguliwa huongezewa dawa nyingine ya kuzuia kuganda kwa muda. Sukari ya miezi mitatu ipimwe kweli kila baada ya miezi mitatu. Ramadhani ya kwanza daktari aulizwe kabla ya Shaaban kwisha, sio usiku wa daku. Sigara hapana. Mahamri, viazi karai na biriani ya kila Ijumaa, hapo najua nagusa pabaya. Mimi mwenyewe sijafaulu kuziacha, basi nasema zipunguzwe.

Na karatasi ya operesheni, ile yenye majina ya mishipa na idadi ya viungo, itoleweni nakala mbili. Moja ikae na diski kabatini, nyingine apewe daktari wa hapa kisiwani siku ya kwanza mgonjwa anapokwenda kuonwa. Kama hamjapewa, ombeni kabla ya kutoka hospitali. Tuliiomba ya khalu kwa miezi miwili.